Nyonga ya Pikapu

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na hadi leo sijaona kilichonipita kwa sababu hiyo, isipokuwa kitu kimoja: kunyamaza mtu anapokufundisha. Nyumba yangu ya Malukhu niliijenga kwa spana. Watoto sita wamesoma kwa spana. Kibanda changu cha ufundi, pale eneo la viwanda Mbale, nilikipaka rangi mwenyewe na kuandika ukutani kwa mkono wangu kwamba kila gari linatengenezwa hapa. Kwa hiyo ninaposema kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nakagua boljointi vibaya, na kwamba aliyenirekebisha ni bibi kizee mwenye jicho moja lililokufa na la pili linalokufa, ambaye hajawahi kushika hata bisibisi, msomaji ajue kwamba maneno haya hayanitoki kirahisi.

Kwa asiyejua, boljointi ni kitu kidogo. Ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe cha chuma, limepakwa grisi na kuvishwa kofia ya mpira, pale mkono wa gari unaposhikana na gurudumu la mbele. Ndilo linaloliwezesha gurudumu kukata kona na papo hapo kupanda na kushuka mashimo. Likilika, gari linaanza kusema. Linagonga ko-ko likipita kwenye tuta. Usukani unalegea na gari linavuta upande mmoja. Tairi linaisha ukingo wa ndani tu, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea. Haya yote nilikuwa nayajua. Niliwahubiria wateja kama mchungaji. Nilikuwa nayajua kabisa, kwenye magari ya watu.

Ufundi niliupata Jinja, kwa mzee mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba, aliyekuwa na gereji karibu na reli. Mimi nilikuwa mfagiaji wake, kisha mshika spana wake. Yeye Lusoga alikuwa hajui, mimi Kizungu sikujua, tukakutana katikati kwenye Kiswahili, chake kibovu, changu kibovu zaidi. Ndiyo sababu naandika Kiswahili hadi leo, ingawa kwetu mtu akisikia lugha hii anadhani wamekuja askari na anatafuta mlango wa nyuma.

Siku aliyonifundisha boljointi naikumbuka vizuri, maana nilikuwa nimevaa viatu vipya na sikutaka kupiga magoti kwenye oili. Mzee akaniambia, "Wewe sikia. Unainua gari na jeki. Unashika tairi juu na chini. Unatikisa. Kama iko na mchezo, mwenzako anakanyaga breki. Mchezo ikiisha, hiyo ni bering ya gurudumu. Mchezo ikibaki, boljointi hiyo. Lakini angalia, jeki usiweke..."

"Najua, bwana," nikamkatiza.

Akaniangalia kutoka kwenye viatu kwenda juu. "Unajua?"

"Najua."

Alikuwa na kazi nyingi, akaenda zake. Miezi michache baadaye yeye na Wahindi wenzake wote wakaambiwa waondoke nchini, wakaondoka, na ile sentensi ikapanda naye ndege. Jeki usiweke wapi? Sikujua. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema najua, mbele ya watu, nikiwa na viatu vipya. Basi nikaiweka mahali palipokuwa rahisi kufikia, chini ya chasisi, na pale ndipo ilipokaa mpaka mvi zikaniota.

Sasa tuje kwenye pikapu yangu. Ilikuwa nyeupe, imepita mikononi mwa watu watatu kabla yangu, na niliipenda kuliko inavyofaa kupenda chuma. Katikati ya miaka ya tisini ikaanza kusema.

"Baba watoto, mbona inagonga?" mke wangu akaniuliza siku moja tukitoka sokoni.

"Ni mzigo."

"Leo hatuna mzigo."

"Ndiyo maana. Gari tupu huruka."

Ikaanza kuvuta kushoto. Nikasema barabara imeinama. Tairi la mbele kushoto likaisha upande wa ndani mpaka nyuzi zikachungulia. Nikalilaani tairi, nikalihamishia nyuma ambako hakuna atakayeliona. Na ili nisionekane mzembe, nilikagua. Nikaweka jeki chini ya chasisi, nikainua, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Kimya. Limekaza kama ngoma ya imbalu, ile ya kutahiri. Nikasimama, nikapangusa mikono, nikamtangazia mke wangu na majirani wawili ambao hawakuwa wameuliza: "Gari iko mzima!"

Mama mkwe wangu alikaa Nakaloke, na kazi yake ilikuwa kuunga mifupa. Mtu akianguka na baiskeli, akiteguka bega, akiangukiwa na gogo, alipelekwa kwake kabla ya hospitali, na wengine baada ya hospitali. Alikuwa anapapasa tu, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza redio ya jirani, halafu anavuta mara moja. Wengi walitembea. Lakini macho yalikuwa yamemwacha. Jicho la kulia lilishakufa zamani. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, ukungu mweupe uliozidi kila mwezi, hadi akawa anawatambua wajukuu zake kwa hatua zao.

Ndipo ikaja habari kwamba madaktari wa macho wako Jinja kwa wiki moja, wanapasua na kusafisha. Sisi habari ilitufikia wiki inaisha. Siku ya mwisho ni Ijumaa, na majina yanaandikwa hadi saa sita mchana tu. Nesi wa pale Nakaloke alimmulika tochi akamwambia mke wangu waziwazi: jicho hili likingoja mwaka mwingine, huenda lisifunguke tena.

"Tutamchukulia teksi," akasema mke wangu.

"Teksi!" Nilisimama. "Mama mkwe wa fundi apande teksi? Watu watasemaje? Mimi nina gari."

Kulikuwa na shida moja. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Mimi ni wa Busoga, mke wangu wa Bugisu, na tunabishana juu ya mambo mengi, hata namna ya kumenya ndizi, lakini kwa hili sheria ni moja pande zote. Hata kuzungumza, tunazungumza kupitia mtu wa tatu, yeye akiwa amejifunika kitenge na mimi nikiangalia pengine. Kwa hiyo kumweka mbele, bega kwa bega na mimi, haikuwezekana. Nikatandika godoro nyuma ya pikapu, nikafunga turubai kuzuia jua, na mke wangu akakaa naye huko. Kidirisha cha nyuma ya kichwa changu kilikuwa hakina kioo, na hapo ndipo maneno yangepita.

Ijumaa tukaondoka Nakaloke saa mbili asubuhi. Hatujafika hata Mbale mjini, tukapita tuta la kwanza. Ko-ko.

Mkono wa mke wangu ukagonga paa. "Mama anasema gari linaumwa mguu. Wa mbele, wa kushoto."

Walikuwa wanaongea Lugisu, ninaisikia vizuri, lakini kwa sheria lazima ningoje niambiwe.

"Mwambie mama ni mawe."

"Anasema mawe hayasemi mara mbili."

Nikaongeza mwendo ili upepo umeze mazungumzo. Tukapita mjini, tukaishika barabara ya Tirinyi. Lami ilikuwa nzuri, lakini kila penye maduka matano walikuwa wameweka matuta, na kila tuta lilinitukana. Ko-ko. Ko-ko. Huko nyuma nasikia mama mkwe anafanya "mh" kila mara, ileile "mh" anayofanya akipapasa goti la mtu. Hatimaye nikaona afadhali nimalize jambo hili. Nikasimama kando, nikatoa jeki, nikaiweka pale pangu pa siku zote, nikainua, nikatikisa kwa nguvu zote mpaka pikapu nzima ikacheza.

"Mwambie mama nimekagua. Iko mzima. Mwambie hii ni kazi yangu tangu yeye akiwa na meno."

Mke wangu alinikazia macho. Sijui alifikisha yapi. Jibu likarudi: "Anasema sawa."

Ile sawa ilikuwa na ubaridi ambao hata mimi niliuhisi. Tukaendelea.

Tulivuka kinamasi cha Mpologoma, mafunjo huku na huku, nikaanza kupiga mluzi maana muda ulikuwa mzuri. Karibu na Namutumba pana tuta moja refu. Nililiona, nikapunguza, na hata hivyo pikapu ikapiga ko! moja kubwa, usukani ukanikwepa mkononi kama samaki, tukaenda upande, tukarudi. Nikaishika. Nikawa natafuta la kusema kuhusu aliyejenga tuta lile. Lakini safari hii hakugonga mke wangu. Iligonga fimbo, kwenye paa, mara tatu, juu ya kichwa changu hasa. Mama mkwe mwenyewe.

Nikasimama. Mke wangu akamteremsha. Mama akapapasa nyasi kwa fimbo, akaketi akinipa mgongo, akavuta kitenge juu ya kichwa.

"Anasema hapandi tena," mke wangu akaniambia.

"Mwambie ni saa nne inaenda saa tano. Mwambie orodha inafungwa saa sita."

Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Alikuwa amesikia kila neno, na mimi nilisikia jibu lake kabla halijatafsiriwa, lakini tukangoja wote wawili mke wangu amalize kazi yake.

"Anasema afadhali kipofu mwenye miguu miwili kuliko anayeona na hana hata mmoja."

"Mwambie..."

"Mimi sisemi tena, baba watoto." Akainua kidole kimoja. "Jicho ni hilo moja tu. Umesikia? Ni moja. Teksi nilikuambia."

Teksi za kwetu ni vibasi vya abiria; zilipita mbili tulipokuwa tumesimama pale. Zote zimejaa, makonda wakatupungia mkono kama tuko kwenye harusi. Jua likawa linapanda. Mimi, badala ya kufikiri, nikafanya lile ninalolijua: nikatoa jeki. Mara ya tatu sasa, mahali palepale. Nililala chini ya pikapu nikitikisa gurudumu na kutoa jasho, na gurudumu likakaa kimya kama shahidi aliyelipwa. Kutoka pale chini nilikuwa naona miguu minne ya wanawake na kusikia kila kitu.

"Anafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Ameinua gari, anatikisa gurudumu."

"Ameinua kwa kushika wapi?"

"Kwenye mwili wa gari, mama. Hapo chini ya tumbo."

"Na mguu?"

"Mguu unaning'inia."

Kikongwe akacheka. Wallahi alicheka, kicheko cha watu wanaocheka mara moja kwa mwaka. "Basi atatikisa mpaka kesho. Hebu niambie, huo mguu una nyonga? Mfupa wa mviringo ndani ya shimo?"

Mke wangu akainama chini ya pikapu. "Mama anauliza kama gari lina nyonga."

Nilitaka kukasirika, nikakuta swali ni sahihi. "Mwambie ndiyo. Tufe ndani ya kikombe."

"Na kuna kitu kinachousukuma huo mguu kwenda chini?"

"Mwambie kuna springi. Kubwa."

"Basi ndiyo hivyo," akasema mama mkwe, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti ya kazini, sauti ya mtu mwenye mgonjwa mbele yake. "Mwambie mwenye gari hivi. Mtu mwenye nyonga iliyolegea, ukimning'iniza mguu, misuli inauvuta, inaubana, na nyonga inanyamaza. Utasema ni mzima. Mgonjwa mwenyewe atasema ni mzima. Unaingiza mkono chini ya paja, unabeba uzito wote, misuli inalala. Hapo ndipo unasukuma kidogo kutoka chini. Kidogo tu. Mfupa utakuambia wenyewe."

Nililala pale chini na oili ikinidondokea sikioni. Mke wangu akaanza kurudia maneno yale moja moja, kwa uaminifu, na sikumkatiza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kwa sababu nilikuwa nasikia sauti nyingine: jeki usiweke. Jeki usiweke pale ambapo mkono utaning'inia, mjinga wewe. Sentensi ya Kalasinga ilikuwa imerudi, imezunguka dunia, na imenikuta chini ya pikapu karibu na Namutumba, kwa Lugisu.

Nikashusha gari. Nikatafuta kipande cha gogo, nikapanga jeki juu yake, nikaisukuma chini ya mkono wenyewe wa gurudumu, karibu kabisa na boljointi. Nikainua mpaka tairi likaachana na ardhi. Springi ikalala. Nikampa mke wangu mtalimbo, ncha yake chini ya tairi.

"Nyanyua kidogo. Kidogo tu."

Akanyanyua. Tk.

"Tena."

Tk. Niliweka kidole pale. Kofia ya mpira ilikuwa imechanika, grisi imekauka ikawa ugali wa vumbi, na lile tufe lilikuwa linapanda na kushuka ndani ya kikombe chake upana wa punje ya hindi. Lilikuwa limebakiwa na ukingo mdogo tu. Tuta lingine moja, labda mawili.

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa. "Mh," akasema.

Basi tuna jibu, lakini hatuna gari, na jua linakaribia utosini. Ndipo likaja lori la magereza kutoka upande wa Tirinyi, limebeba magunia ya mahindi, na afande aliyekuwa anaendesha nilimfahamu, maana alizoea kuja kwangu nimtengenezee pikipiki. Akapunguza mwendo akatoa kichwa.

"Fundi! Nini hapa? Hata gari ya daktari inaugua?"

Na mimi, namwomba Mungu anisamehe, mimi niliyekuwa nimetoka kuona kwa macho yangu na kugusa kwa kidole changu, nikasimama, nikaegemea pikapu, nikasema: "Hakuna shida, afande. Tunapunga upepo tu."

Hadi leo sijui ni nani aliyesema vile. Mdomo ulikuwa wangu. Afande akacheka, akaingiza gia, lori likaanza kusogea. Mke wangu alikuwa bado ameshika mtalimbo. Lakini mama mkwe aliinua kichwa chini ya kitenge, akaligeuza lile jicho lake jeupe kufuata mlio wa lori, taratibu, jinsi mtu anavyofuata kwa macho chakula kinachoondolewa mezani. Hakujua kwamba namwangalia. Sheria inanikataza kumwangalia. Nilimwangalia.

"Afande!" Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, nikakimbia nikiwa na mpini wa jeki mkononi. "Afande, ngoja! Simama!"

Akasimama.

"Gari yangu ni mbovu," nikasema. Sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote. "Boljointi imekufa. Mimi nilisema ni mzima, na haikuwa mzima. Huyu mama ana jicho moja tu, na kule Jinja wanafunga majina saa sita."

Afande akaniangalia, akamwangalia bibi kwenye nyasi. "Heh! Na nani aligundua boljointi?"

Ningeweza kudanganya tena. Ilikuwa rahisi. "Ni yeye," nikasema.

"Huyu? Kipofu?"

"Huyu."

Alicheka mpaka akapiga honi bila kukusudia. Kisha akashuka, akavua kofia, akamsalimia mama kwa adabu na kumbeba kama mtoto mpaka kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ngazi ya lori ni ndefu na mimi sikuruhusiwa kumgusa. Mke wangu akapanda akamfuata. Hakuniaga. Lori likaondoka na mahindi na mama mkwe wangu.

Nikabaki mimi na pikapu. Nikatoa jeki, nikasema angalau niisogeze itoke barabarani. Nikawasha, nikakata kona, mwendo wa kobe kabisa. Haikufika mita kumi. Nikasikia sauti kama mtu amevunja muwa, na gurudumu la kushoto likalala chini ya mwili wa gari kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni. Tufe limetoka kwenye kikombe. Nilishuka, nikalizunguka gari mara mbili, kisha nikapanda nyuma nikakaa kwenye lile godoro, chini ya turubai, mahali alipokuwa amekaa yeye. Nilikaa sana. Nilifikiria tuta la mbele, na lori la mafuta linalokuja upande wa pili, na turubai nililolifunga kwa mafundo mazuri.

Nilifikiria pia magari yote niliyowahi kuyaambia kuwa ni mazima. Niliporudi Mbale niliwafuata wenyewe, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba nikague tena bure. Wengi walidhani nimeokoka. Matatu nilikuta yana nyonga inayocheza. Wenye magari hayo sikuwaambia kwamba nilikuwa nimekosea. Niliwaambia kuna ufundi mpya umetoka. Mtu habadiliki kwa siku moja.

Siku ile mwenye baiskeli alinifikisha mahali pa kupanda gari la Iganga, nikapata boljointi, na Jumamosi asubuhi niliifunga mwenyewe kando ya barabara, jeki ikiwa mahali pake. Mchana nikaingia Jinja. Njia nzima nilikuwa nasikiliza. Hakuna ko-ko. Kulikuwa na kimya tu, na kile kimya kilinitisha zaidi, maana bado sikujua walifika saa ngapi.

Mke wangu nilimkuta kwenye lango la hospitali. Nilijaribu kuusoma uso wake nikashindwa.

"Mlifika?"

"Saa sita kasoro kidogo. Mwandishi alikuwa ameshafunga daftari. Afande akagonga meza, akamwambia alifungue."

"Na jicho?"

Alinishika mkono akanipeleka uani, penye kamba za kuanikia mashuka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, bandeji imetolewa asubuhi ile, na mbele yake amenyoosha mikono yake miwili anaigeuzageuza, anaiangalia. Ile mikono iliyounga nusu ya Nakaloke, alikuwa hajaiona kwa miaka mitatu. Kisha akainua kichwa, na kabla sijapata muda wa kujificha nyuma ya shuka, akaniona. Akaniona kabisa, kuanzia utosini mpaka viatuni. Ndipo akakumbuka sheria, akavuta kitenge, na mimi nikageuka nikaangalia ukuta. Wakati wa ukungu tulikuwa tumeshaanza kuzembea, maana hakuwa anaona kitu. Sasa kila kitu kimerudi.

Nikasikia wananong'ona. Mke wangu akawa anajizuia kucheka.

"Anasemaje?"

"Anasema amekuona. Anasema miaka yote alidhani wewe ni mtu mrefu. Kumbe ni sauti tu."

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa hospitali, mtu mwenye nyumba na kibanda na watoto sita, na machozi yananitoka. Nikasema ni dawa wanayopigia sakafu.

Jumatatu wakamruhusu. Nikaleta pikapu hadi uani, nimeiosha, godoro nimelipiga vumbi. Mama mkwe akaja na fimbo, akasimama mbele ya gari, hakupanda.

"Anasema hapandi mpaka asikie," mke wangu akasema. "Anasema yeye ndiye atakanyaga hiyo breki."

Tangu niinunue ile pikapu hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kiti cha dereva. Mama mkwe akapandishwa. Aliketi pale nyuma ya usukani, kitenge kimefunika uso wote, guu lake jembamba kwenye breki, na mlinzi wa lango akaacha kazi yake akaja kutazama. Mimi nikachuchumaa chini upande wa kushoto. Kati yetu kulikuwa na boneti nzima, hivyo sheria haikuvunjika. Nikaweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, nikainua, nikashika tairi juu na chini.

"Mama anasema amekanyaga," mke wangu akaniambia. "Anasema usivute kwa hasira kama juzi. Kidogo tu."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lile nililomwambia Kalasinga. Nililisikia linagonga meno kutoka ndani.

Nikalimeza, nikatikisa kidogo.

Kimya.

"Anasema tena."

Nikatikisa tena.